Kuomba digrii ya kwanza nje ya nchi: anza na hela na kalenda, jina la chuo litafuata

Watu wengi wakitaka kwenda kusoma nje kitu cha kwanza wanafungua orodha ya vyuo bora duniani, wanaokota kumi vyenye majina makubwa, wanaanza kuota. Mwezi wa kumi na mbili ndo wanagundua nusu ya vile vyuo dedilaini imeshapita, na hiyo nusu iliyobaki hata wakikubaliwa hakuna wa kulipa. Mi nasema geuza. Swali la kwanza nani atalipa, la pili unataka kuanza lini, la tatu cheti chako kinapokelewa wapi, chuo chenyewe kinakuja namba nne huko. Ukienda hivyo orodha inajichuja yenyewe, unabaki na vyuo ambavyo kweli unaweza ukaenda.

Hela, na bila aibu

Kaeni chini na wazazi au walezi mtaje namba kabisa, kwa mwaka mmoja familia inaweza kutoa kiasi gani, na kwa miaka mitatu au minne itaweza kuendelea? "Tutajitahidi" sio jibu. Maana ada ni kipande tu, kuna pango, chakula, bima ya afya, viza, tiketi, na nchi nyingi zinataka uonyeshe hela ya kujikimu kabla hawajagonga viza. Kanada kuanzia Septemba 2025 mwanafunzi anayeenda peke yake anatakiwa aonyeshe dola za Kanada 22,895 za kuishi mwaka mmoja, mbali na ada na nauli, na jimbo la Quebec wana hesabu zao wenyewe. Ujerumani kuna akaunti maalum wanaiita Sperrkonto, unaweka yuro 11,904 kisha ukishafika wanakuachia yuro 992 kila mwezi. Kwahiyo hata pale ambapo ada hakuna bado kuna hela nzito ya kuonyesha, na hapa ndo wengi wanapokwama, walisikia "Ujerumani bure" wakaishia hapohapo.

Na hiyo bure yenyewe ina masharti. Vyuo vingi vya serikali Ujerumani kweli havitozi ada, unalipa mchango mdogo tu wa semesta, ila jimbo la Baden-Württemberg linatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa semesta, na chuo kikuu cha ufundi cha Munich nacho kilianza kutoza mwaka 2024. Halafu digrii za kwanza nyingi kule zinafundishwa kwa Kijerumani, za Kiingereza zipo ila chache, zile nyingi unazoziona kwenye matangazo ni za masters. Uswidi waliacha kutoa bure kwa watu wa nje ya Ulaya mwaka 2011, Ufini 2017, Norwe 2023. Ukikuta mahali pameandikwa Norwe ni bure angalia pameandikwa lini. Ufaransa ada ya vyuo vya serikali kwa wageni ni karibu yuro 2,900 kwa mwaka, na vyuo kadhaa vinasamehe sehemu, wanafunzi wanalipa kama Wafaransa wenyewe.

Sasa skolashipu. Hapa kuna jambo ningependa kila mtu alijue kabla hajapoteza miezi: skolashipu nyingi zenye majina unayoyasikia sio za digrii ya kwanza. Chevening ya Uingereza ni ya masters tu, za DAAD ya Ujerumani nyingi ni za masters na udaktari, Rhodes ya kwenda Oxford unatakiwa uwe na digrii tayari. Za digrii ya kwanza zinazolipa karibu kila kitu tafuta kwenye serikali kama Uturuki kupitia Türkiye Bursları, ambao kawaida wanafungua tarehe 10 Januari na kufunga 20 Februari na kuomba ni bure, Hungaria wana Stipendium Hungaricum ambayo lazima pia upendekezwe na mamlaka ya nchi yako kwahiyo ni aplikesheni mbili sio moja, Japani wana MEXT inayopitia ubalozi wao na inaanza na mwaka mzima wa kusoma Kijapani, Korea Kusini wana GKS, China wana za serikali yao. Hizi nyingi zina ukomo wa umri, Uturuki kwa digrii ya kwanza uwe chini ya miaka 21, Korea chini ya 25, kwahiyo ukisema utapumzika miaka miwili kwanza piga hesabu ya umri wako.

Marekani ni dunia nyingine. Bei inayoandikwa ni ya kutisha ila kuna vyuo ambavyo vikikukubali vinaangalia familia yako ina uwezo gani halafu vinajazia pengo lote. Vyuo vichache, Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst na vingine vya kuhesabu, havitazami uwezo wako wa kulipa wakati wa kuamua wakuchukue au la hata kama wewe ni mgeni. Vingine vingi vinatazama, maana yake ukiomba msaada ushindani unakuwa mkali zaidi. Lakini usije ukadanganya kwamba hauhitaji msaada ukifikiri utaomba ukishaingia, vyuo vingi vinakataa kabisa mgeni aliyeingia bila msaada kuja kuuomba baadaye, na hapo unakuwa umejifungia mlango mwenyewe. Fomu yao ya hela inaitwa CSS Profile, baadhi ya vyuo wana fomu zao za bure. Ile FAFSA unayoisikia ni ya raia na wakazi wa Marekani, achana nayo.

Na ada za kuomba zenyewe zinauma. Uni-assist, ofisi inayokagua maombi ya wageni kwa niaba ya vyuo vingi vya Ujerumani, ni yuro 75 kwa chuo cha kwanza na 30 kwa kila kinachofuata, vyuo vya Marekani kila kimoja kina bei yake. Kule Marekani unaweza kuomba usamehewe ada ya kuomba na wengi wanapewa, andika tu imeili fupi ya heshima ueleze hali, usikae kimya.

Cheti chako kinakufikisha wapi

Kumaliza sekondari na kufaulu haimaanishi kila nchi inakuhesabu uko tayari. Uingereza digrii ni miaka mitatu, Scotland minne, na wanategemea umefika na masomo ya kiwango cha A-level au IB (diploma ya sekondari ya shule za kimataifa) au kinacholingana. Ukiwa na cheti cha chini ya hapo wanakupeleka kwenye mwaka wa faundesheni, ambao nao una ada yake. Ujerumani cheti kisipolingana unapitia Studienkolleg, kawaida mwaka mmoja, una mtihani wa kuingia na wa kutoka, na wengi wao wanataka uje tayari na Kijerumani cha kiwango cha B1 au B2. Kuna database yao inaitwa anabin unaangalia cheti cha nchi yako kinahesabiwaje, iko kwa Kijerumani ila programu za kutafsiri zinatosha. Marekani wao wanapokea cheti cha sekondari cha karibu nchi yoyote, wanachouliza ni ulifanyaje ukilinganisha na mazingira yako.

Alafu kuna hii ya kozi. Uingereza na Ujerumani na Uholanzi unaomba kozi, sio chuo, yaani ukiomba uhandisi ujenzi umeomba huo, kubadilisha ukishafika ni shughuli. Marekani vyuo vingi unaweza ukaingia bila kutaja utasomea nini ukaamua baadaye. Ila kama ndoto yako ni udaktari wa binadamu au sheria jua kwamba Marekani hizo hazisomwi kama digrii ya kwanza, unasoma digrii ya kitu kingine miaka minne halafu ndo unaomba, na nafasi za udaktari kwa wageni ni finyu sana. Uingereza udaktari unaanza moja kwa moja baada ya sekondari, ila kuna mtihani wa UCAT na ushindani wake sio wa mchezo. Soma ukurasa wa kozi yenyewe, sehemu ya wanafunzi wa kimataifa, mpaka chini. Wanasema wanataka hesabu ya kiwango fulani, kemia ni lazima, somo fulani hawalihesabu. Mtu asipokuwa na somo la lazima hata akiwa na alama za juu kwenye mengine yote hawamchukui, na hawarudishi hela ya kuomba.

Kalenda inahesabiwa kwa kurudi nyuma

Tuseme unataka kuanza Septemba. Anza kujiandaa mwaka na nusu kabla, sio kwa sababu kazi ni nyingi kiasi hicho ila kwa sababu mambo yanasubiriana: huwezi kutuma bila matokeo ya lugha, huwezi kufanya mtihani wa lugha bila pasipoti, na pasipoti nayo ina foleni yake. Kwahiyo pasipoti ndo kitu cha kwanza kabisa, leo, hata kabla ya kujua unaenda wapi.

Mtihani wa Kiingereza ni IELTS, TOEFL, PTE au Duolingo, na matokeo ya IELTS na TOEFL yanadumu miaka miwili tu kwahiyo usifanye mapema mno. IELTS chagua ile ya Academic, kuna ingine ya General Training ambayo vyuo haviitaki na watu wanalipia kwa kutokusoma. Vyuo vingi kwa digrii ya kwanza wanataka jumla ya 6.0 au 6.5, lakini angalia pia kama wameweka kiwango cha chini kwa kila sehemu, unaweza ukapata 7.0 jumla ukaanguka kwa sababu kuandika umepata 5.5. Duolingo unafanyia nyumbani na ni rahisi kwa bei, vyuo vingi Marekani vinaupokea, Uingereza hali ni ya mchanganyiko, uliza kwanza. Kama umesoma sekondari yote kwa Kiingereza kuna vyuo vinakusamehe kabisa mtihani, na hii watu hawaulizi. Uliza.

Kuna SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, vyuo vingi waliifanya ya hiari wakati wa Korona, baadhi kama MIT, Dartmouth na Harvard wameirudisha kuwa ya lazima. Usitegemee habari za kaka yako aliyeomba miaka mitatu nyuma.

Sasa tarehe zenyewe. Uingereza kila kitu kinapitia UCAS, fomu moja, machaguo matano. Oxford na Cambridge na kozi za udaktari wa binadamu, meno na mifugo mwisho ni tarehe 15 Oktoba ya mwaka kabla ya kuanza, na huwezi kuomba Oxford na Cambridge zote mwaka mmoja. Kozi nyingine nyingi mwisho ni Januari. Ukichelewa hapo unaweza kuendelea kuomba kwenye nafasi zilizobaki, na kuanzia Julai kuna kitu wanaita Clearing, cha kujaza nafasi zilizobaki wazi, ila kwa mgeni anayehitaji viza Clearing ya Agosti ni presha tupu. Marekani Common App, fomu moja ya mtandaoni inayotumiwa na vyuo vingi, inafungua msimu mpya tarehe 1 Agosti, unaweza kuweka vyuo hadi 20, japo binafsi naona ukizidi kumi utaandika esei za hovyo. Wanaoomba mapema mwisho wao kawaida ni 1 Novemba, wa kawaida karibu na 1 Januari, na jibu lako la mwisho wanalitaka 1 Mei. Kuwa makini na Early Decision, ile ni ya kujifunga, wakikukubali unaenda huko na unafuta kwingine, kwahiyo unaomba chuo kimoja tu kwa mtindo huo. Kinachoweza kukutoa ni msaada wa hela usipotosha. Early Action haikufungi. MIT na vyuo vya University of California havipo kwenye Common App, wana fomu zao. Ujerumani kwa muhula wa Oktoba wengi wanafunga 15 Julai, ila uni-assist wanachukua wiki kadhaa kukagua makaratasi kwahiyo ukituma tarehe 14 na kukawa na kasoro umeliwa. Uholanzi unaombea kwenye tovuti ya Studielink, na kozi zenye idadi maalum ya nafasi zinafungwa 15 Januari. Ufaransa kwa mwaka wa kwanza wengi wanaangukia Desemba. Australia mwaka wao unaanza Februari na kuna wanaopokea Julai pia, hii ni nzuri kwa ambaye matokeo yake yanatoka miezi ya ajabu.

Na saa! Dedilaini ni ya saa za kwao au za kwako? Soma. UCAS ni saa 12 jioni ya Uingereza, sio usiku wa manane.

Makaratasi

Kabla ya kuskani chochote weka pasipoti, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule mezani, soma jina herufi kwa herufi. Majina matatu huku, mawili kule, y imekuwa i, jina la babu lipo kwenye cheti ila pasipoti haina. Chuo kinaweza kisijali, ubalozi utajali. Rekebisha sasa hivi au andaa hati ya kiapo ya kuthibitisha kwamba ni mtu mmoja, na kwenye fomu zote jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti hata kama halikupendezi. Tafsiri zifanywe na mtafsiri anayetambulika, nakala zithibitishwe, na skani iwe PDF safi yenye kurasa zote sio picha ya simu yenye kivuli cha mkono. Jipe imeili moja tu ya hii kazi yenye jina la mtu mzima, usitumie ya shule maana wakishakufuta huko unapoteza kila kitu, na ingia kwenye spamu kila baada ya siku mbili kwa sababu ujumbe wa "tunahitaji karatasi moja zaidi" unapenda sana kwenda huko.

Barua za walimu hapo pana siasa kidogo. Watu wanamfuata mkuu wa shule kwa sababu ana cheo, na mkuu anaandika mistari minne kwamba huyu ni mtoto mwenye nidhamu. Mfuate mwalimu aliyekufundisha karibuni, anayekumbuka siku ulipobishana naye juu ya swali na ukawa na hoja. Mpe mwezi mzima, mpe karatasi yenye mambo ya kukumbushia, kozi unayoomba, dedilaini, na mweleze kwamba link itamfikia kwenye imeili yake na anatakiwa apandishe mwenyewe, sio akupe wewe. Mwalimu asiyezoea kompyuta kaa naye pembeni umuonyeshe pa kubonyeza, ila asikuonyeshe alichoandika. Common App watakuuliza kama unaachia haki yako ya kusoma hizo barua, kubali, zinaaminika zaidi. Pia wanataka mtu wa shule wa kutuma matokeo na taarifa za shule, wao wanamuita kaunsela, na shule isiyo na kaunsela mkuu wa taaluma au mkuu wa shule anaweza kuijaza hiyo nafasi.

Kuandika kuhusu wewe mwenyewe

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu, maana matokeo yako huwezi kuyabadilisha tena ila hii bado iko mikononi mwako. Na kosa kubwa ni kuandika insha moja ukaituma Uingereza na Marekani, wakati hawa watu wanauliza vitu viwili tofauti kabisa.

Uingereza anayesoma mara nyingi ni mtu wa idara, mwalimu wa hilo somo, na anachotaka kujua ni kama utaweza kulisoma miaka mitatu bila kuchoka. Kuanzia walioingia 2026 UCAS wamegawa yale maelezo binafsi kuwa maswali matatu: kwa nini unataka kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini cha kujiandaa. Jumla ni herufi 4,000 pamoja na nafasi, na kila swali angalau 350. Hapo hakuna nafasi ya "tangu nikiwa mdogo nilipenda uhandisi". Andika kitu kama: niliona daraja lina mwanya kati ya vipande viwili, nikajiuliza kwa nini wasiunganishe, nikasoma kuhusu chuma na zege kutanuka kwa joto, nikapiga hesabu ya daraja la mita 100 kama joto likipanda nyuzi 30, nikapata zaidi ya sentimita tatu, halafu nikagundua sijui mhandisi anaamuaje mwanya huo uwekwe wapi na hilo ndo nataka kujifunza. Umeona hapo? Hujajisifia hata neno moja lakini mwalimu wa uhandisi ameshakaa vizuri kwenye kiti. Na kwa vile machaguo yote matano yanasoma maandishi hayohayo, usitaje jina la chuo, na usichanganye kozi tano zisizofanana.

Marekani anayesoma ni afisa wa udahili ambaye ana mafaili kwa mamia, anataka kujua wewe ni mtu gani atakayekaa bwenini na wenzake. Esei ya Common App ni maneno 250 hadi 650 na mada unachagua. Watu wanadhani lazima uwe na msiba au shida kubwa ya kusimulia, wanajichimba wakitafuta machozi. Sio lazima. Kijana aliyekuwa anatunza daftari la michango ya kwaya, akagundua watu wawili wanaandikwa kwa jina moja, na akaanza kufikiria atawaambiaje wazee bila kumuaibisha mtunza hazina wa zamani, huyo ana esei tayari, kwa sababu humo ndani kuna hesabu, kuna woga, kuna uamuzi. Kitu kidogo ulichokiona kwa macho yako kinashinda neno kubwa kama "uongozi" lililokaa peke yake. Juu ya hiyo vyuo vingi vina maswali yao ya ziada, na lile la "kwa nini sisi" ndo wanakamatia watu, maana ukijibu "chuo chenu ni maarufu na kina walimu bora" hilo jibu linafaa chuo chochote. Taja somo, maabara, mradi, kitu ambacho ukikihamishia chuo kingine sentensi inavunjika.

Kutumia AI, ongea nayo kupata maswali ya kujiuliza ukitaka, ila usiiachie iandike. UCAS wana mfumo wa kulinganisha maandishi na ya wengine wote, na hata bila mfumo wasomaji wanaichoka haraka ile lugha laini isiyo na mtu ndani. Mpe mtu anayekufahamu asome, umuulize swali moja tu, "hii inanifanana?"

Ajenti

Kuna ajenti wazuri, hasa wale wanaolipwa kamisheni na vyuo na wewe hawakuchaji. Tatizo ni kwamba anakupeleka kule anapolipwa, sio kule kunakokufaa, kwahiyo msikilize ila orodha iwe yako. Anayesema anakuhakikishia viza, anayetaka alipwe taslimu, anayetaka nywila ya imeili yako, anayesema stetimenti ya benki "tutaitengeneza", huyo kimbia. Karatasi feki moja inaweza kukufungia nchi kwa miaka, Uingereza wanaweza kukufungia hadi miaka 10. Ushauri wa Marekani unaweza kuupata kwa EducationUSA, ni mtandao wa serikali yao, Ufaransa kuna Campus France. Na ada ya chuo lipa kupitia akaunti iliyoko kwenye tovuti ya chuo, sio iliyotumwa WhatsApp.

Majibu yakija, na viza

Ofa za Uingereza ni za aina mbili, yenye masharti na isiyo na masharti. Ukiwa bado hujapata matokeo utapewa yenye masharti, kwamba ufikishe alama fulani. Unachagua moja ya kwanza na moja ya akiba, na ya akiba iwe na masharti mepesi kuliko ya kwanza, la sivyo haina kazi. Usikimbilie kulipa dipoziti kabla hujasoma wanarudisha au hawarudishi viza ikikataliwa.

Barua ya kukubaliwa sio karatasi ya viza. Uingereza chuo kinakupa namba ya CAS, ya kuthibitisha ubalozini kwamba umepokelewa, hela yako ikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja chini ya kiwango, na unalipa bima yao ya afya pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo, yote kwa mpigo. Ile ya siku 28 inaangusha watu kizembe, hela ipo, siku ya 20 baba akatoa kidogo akarudisha kesho yake, hesabu inaanza upya. Kanada kwa digrii ya kwanza unahitaji pia barua ya uthibitisho ya jimbo juu ya barua ya chuo. Marekani chuo kinatuma I-20, fomu ya kuthibitisha umekubaliwa, unalipa dola 350 za SEVIS, mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, unajaza DS-160 ambayo ndo fomu ya kuomba viza, unalipa ada ya viza dola 185, unaweka miadi ya ubalozini, na tangu 2025 wanataka akaunti zako za mitandao ya kijamii ziwe wazi. Angalia pia kama uraia wako umewekewa vizuizi kwa sasa, maana hilo linabadilika hata kabla chuo hakijapata habari.

Intavyuu ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi ya Marekani, ni fupi mno, dakika chache. Sheria yao inamtaka afisa aanze kwa kudhani unataka kuhamia, kazi ya kumuonyesha tofauti ni yako. Atauliza kwa nini chuo hicho, nani analipa, ukimaliza utafanya nini. Jibu kwa sentensi mbili tatu zinazolingana na fomu uliyojaza, usimwage hotuba uliyokariri, na ujue kazi ya anayekulipia na kipato chake bila kupekua makaratasi. Ukikataliwa unaweza kuomba tena, ila ukirudi na vitu vilevile jibu litakuwa lilelile.

Viza ikichelewa kiasi cha kupitwa na tarehe ya kuripoti, iandikie ofisi ya udahili mapema uombe kuahirisha nafasi hadi msimu unaofuata, wengi wanakubali, ila uliza kama skolashipu nayo inaahirishika kwa sababu mara nyingi hiyo haiahirishiki. Na ikitoka, malazi kwanza: omba bweni la chuo siku ileile mfumo unapofunguka, na kama ni nyumba ya mtu binafsi usitume dipoziti kwa mtu uliyemuona kwenye picha tu, ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ina orodha ya wanaoaminika. I-20 au barua ya chuo, matokeo halisi na karatasi za hela zikae kwenye begi la mkononi, afisa wa uwanja wa ndege anaweza kuziomba wakati sanduku lako bado liko tumboni mwa ndege.